Unataka Ampu Ya Kuchapa Shoo Na Bendi? Soma Hii Kabla Hujachoma Doo Yako

Kama una gitaa na una mbogi ya kupiga nayo, hii ni yako. Kama huna gitaa, mtumie yule beshte yako anayesumbua mtaa mzima kila jioni.

Wacha nianze na aibu yangu. Shoo yangu ya kwanza na bendi ilikuwa harusi hapa hapa Kibokoni. Hema limefungwa, viti vya plastiki vimejaa, watu wameshashiba pilau wanangoja kuburudishwa. Nilikuja na ile ampu ndogo ya wati 10 niliyojifunzia, spika yake inchi 6. Chumbani ilikuwa noma sana, mamangu alikuwa anagonga ukuta nipunguze. Dramu ilipoingia tu, kwisha. Nilizungusha kila kifundo mpaka mwisho, kikatoka kitu kama nzi ndani ya kopo. Nikapiga solo nzima peke yangu kichwani mwangu. Mpiga besi aliyekuwa hatua mbili kutoka kwangu aliniuliza baadaye, "Yakhe, kwani leo hukupiga?"

Nililipwa, ndio. Lakini harusi iliyofuata waliita mtu mwingine.

Baada ya hapo nikaenda upande wa pili kama kichaa. Miezi 8 naweka akiba, nikanunua limtambo la mitumba la wati 100, spika mbili za inchi 12, zito kama jeneza. Nikadhani nimeomoka. Nitakwambia mbele vile hilo nalo lilinitesa. Halafu kuna lile la tatu, la kutoka Marekani, ambalo liliishi sekunde 4. Kwa hivyo msee, haya si maneno ya dukani. Nimeyalipia.

WATI SI SAUTI

Kitu cha kwanza kila mtu anauliza ni "hiyo ni wati ngapi?" Swali si baya, ila jibu lake linadanganya.

Sikio letu halihesabu kama kikokotoo. Ukiongeza wati mara mbili, kutoka 50 hadi 100, sauti inapanda desibeli 3 tu. Utaisikia tofauti, lakini si ya kukurusha kiti. Ili sikio liseme "hii sasa ni mara mbili", unahitaji wati kama mara 10. Yaani ukitoka wati 10 ukafika wati 100 ndipo umepata sauti inayosikika kama mara mbili. Sasa fikiria yule msee anayeongeza thao 30 juu ya bei ili atoke wati 50 aende 100. Amenunua desibeli 3.

Wakati huo huo kuna kitu wauzaji hawakitaji: spika yenyewe. Kila spika ya maana ina kipimo chake, desibeli ngapi inatoa ikipewa wati 1 ukiwa umesimama mita 1. Moja inaweza kuwa 97, nyingine 100. Zinafanana kwa macho, saizi moja, lakini ile ya 100 ni kama umeshazidisha wati mara mbili bila kuongeza hata senti ya stima. Ndio maana utakuta ka-ampu ka wati 22 kanaimeza ampu ya wati 60 ya bei ya chini na unabaki umeshangaa.

Na saizi. Inchi 6 na inchi 8 ni za chumbani. Ukicheza na mpiga dramu anayetumia fimbo kama binadamu wa kawaida, anza inchi 10, na afadhali inchi 12. Koni ndogo haisukumi hewa ya kutosha kwenye sauti za chini na za katikati, na hapo katikati ndipo gitaa linaishi. Hapo ndipo pia mwimbaji, kinanda na saksafoni wanapogombania kiti.

Jambo la mwisho hapa kabla hatujasonga. Kuna ampu za valvu, zile chupa za glasi zinazowaka rangi ya chungwa nyuma, na kuna za transista. Wati za valvu zinasikika kubwa kuliko namba yake, ju valvu ikifika mwisho wa nguvu zake inavunjika polepole na kwa utamu, bado unaweza kuitumia. Transista ikifika mwisho inakwaruza vibaya, so hutaki ifike huko kabisa. Kwa hivyo kwa bendi yenye dramu, valvu ya wati 15 hadi 30 inatosha sehemu nyingi. Transista, anza wati 50.

MUZIKI WETU UNATAKA USAFI

Hapa ndipo mwongozo mwingi wa mtandaoni unawapoteza wasee wa Pwani. Unaandikwa na watu wa roki. Wao wanatafuta ampu inayonguruma. Sasa wewe unapiga nini?

Angalia muziki unaolipa Mombasa. Bango, ile ya Mzee Ngala wa Freretown, saksafoni inaongea mbele na gitaa linatembea chini yake nyuzi moja moja. Chakacha. Rumba, ambapo gitaa la solo likiingia kwenye sebene kila noti lazima isikike kama shanga zinazodondoka kwenye sahani. Rege, ambapo gitaa linakata tu, chak, chak, na ikikaa na ukungu wowote mdundo mzima unalala. Them Mushrooms walianza hapa Mombasa 1972, wakalelewa na jukwaa za hoteli za Pwani, na ile Jambo Bwana yao ya 1982 hadi leo wageni wanaidai. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji gitaa lilie kama pikipiki.

Kinachohitajika ni kile mimi hukiita akiba. Yaani ampu iwe na nguvu ya ziada juu ya pale unapocheza, ili ukipiga uzi kwa nguvu isivunjike. Kama ampu inaanza kukwaruza kifundo cha sauti kikiwa 4, na bendi inakutaka uwe 6, hiyo si ampu yako, hata kama ni nzuri na hata kama wanamuziki wakubwa wa ng'ambo wanaitumia.

Ndio maana Roland JC-120 imekaa mjini miaka yote hii. Ilitoka 1975, ni transista, wati 120 zilizogawanywa kwa spika mbili za inchi 12, na umaarufu wake wote ni kwamba haivunjiki. Unaweka gitaa safi, unapata gitaa safi, kwa sauti ya kuamsha wafu. Watu wa roki wanaisema ni baridi. Sawa, wao wapige roki. Fender Twin Reverb nayo ni ya valvu, wati 85, safi mpaka juu kabisa. Hizo mbili ndizo kipimo. Ukikutana nazo studio au hotelini, chomeka gitaa lako usikie usafi unaoongelewa, halafu ubebe hiyo sauti kichwani ukienda kununua.

Nimesema uibebe kichwani. Kwa mikono ni stori nyingine. JC-120 ina kilo karibu 28. Twin ina kama 29.

SASA RUDI KIBOKONI

Lile limtambo langu la wati 100 nililitoa gari likiwa barabarani, ju gari haliingii kwetu. Unaijua hii mitaa. Ukishapita Fort Jesus ukaingia ndani, vichochoro vingine watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu. Tuktuk inakufikisha pahali, halafu ni miguu. Mkokoteni unapita sehemu nyingine, ila hamali naye ana bei yake, na ikiwa ni saa 7 usiku bei hiyo inapanda. Nyumba yenyewe ni ya ghorofa, ngazi zake za zamani, nyembamba, zinapinda bila taarifa. Mimi na binamu yangu tulilipandisha lile dude tukapumzika mara tatu, na mara ya tatu shangazi alituletea maji akitucheka.

Halafu shoo zenyewe ziko wapi? Leo Nyali, kesho Mtwapa, Jumamosi Diani. Diani maana yake Likoni, na Likoni maana yake feri. Kuvuka kwa miguu ni bure, lakini jaribu kushuka ile teremko na kilo 30 mkononi watu wote wa asubuhi wakiwa nyuma yako. Nilifanya hivyo mara mbili. Ya tatu nilikodi gari, na pesa ya gari ikala nusu ya pesa ya shoo.

Na unajua kilichouma zaidi? Kifundo cha sauti hakikuwahi kupita 2. Kila mahali nilipopiga kulikuwa na mtu wa mitambo ananionyesha mkono: shusha, shusha. Nilikuwa nabeba wati 100 ili nitumie 5.

Kwa hivyo hii ndiyo hesabu yangu sasa, na najua kuna wasee watapinga. Ampu yako haina kazi ya kujaza ukumbi. Kazi yake ni kukufanya wewe, mpiga dramu na mpiga besi msikiane jukwaani. Kujaza ukumbi ni kazi ya mitambo mikubwa. Unaweka maiki mbele ya spika (Shure SM57 imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1960, na haifi), au unatoa waya kutoka tundu la laini nyuma ya ampu hadi kwenye mikseri. Shoo ikiwa ndogo bila mitambo, ampu ya wati 50 na inchi 12 inatosha yenyewe. Ikiwa kubwa, mitambo inakubeba.

Basi ukinunua, geuza ampu uangalie mgongo wake kabla ya uso. Je, kuna tundu la laini? Na likiwa ni tundu la pamoja na hedfoni, uliza: nikichomeka hapa, spika inanyamaza? Nyingi zinanyamaza. Utakuwa umetuma sauti kwa mikseri halafu wewe mwenyewe jukwaani hujisikii. Nimeona msee mzima anatokwa jasho kwa sababu hiyo tu.

Kuna pia majirani. Hapa nyumba zimeshikana, kuta za mawe ya matumbawe, na sauti ikiingia kichochoroni inadunda huku na huku haina pa kutokea. Kanuni za NEMA za kelele, zile za 2009, zinaweka eneo la makazi kwa nje desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku kwao unaanza saa 2. Dramu peke yake inapita hapo hata kabla wewe hujachomeka waya. Kwa sherehe kuna utaratibu wa kuomba kibali, na mwenye harusi ndiye anapaswa kuwa nacho, so muulize mapema, usingoje masanse wafike. Lakini hata bila sheria, kuna adabu ya mtaa. Misikiti iko kila pembe. Ukisikia adhana, unanyamazisha ampu, wala husubiri kuambiwa. Kujaribu mitambo kati ya Magharibi na Isha ni kujitafutia jina baya, na jina baya Kibokoni linatembea haraka kuliko tuktuk.

Ndio maana kitufe cha kupunguza nguvu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Boss Katana ya 50, kwa mfano, ina swichi ya wati 50, 25 na nusu wati. (Hapana, si Katana wa Kilifi. Ni jina la upanga wa Kijapani. Nishaulizwa sana.) Nusu wati unapiga chumbani usiku mamako amelala, na ladha inabaki ile ile. Jumamosi unarudisha 50 unaenda kazini.

STIMA: HAPA NDIPO PESA NA MAISHA HUPOTEA

Ile ya Marekani sasa. Jamaa yetu alirudi likizo akaniletea zawadi, ampu safi kabisa ya valvu, bado inanuka upya. Nilikuwa na furaha hadi sikusoma nyuma. Nikatafuta adapta ya plagi, nikachomeka, nikawasha. Taa ikang'aa vizuri sana, vizuri kupita kiasi, halafu pap, na harufu.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee. Akaifungua, akanusa, akaniangalia. "Mwanangu, huyu umemlisha chakula cha watu wawili."

Stima ya Kenya ni volti 240, hezi 50. Marekani ni volti 120, hezi 60. Adapta ya plagi inabadilisha umbo la pini tu, haigusi volti. Ukichomeka kifaa cha 120 kwenye 240, ukiwa na bahati fyuzi inakatika. Mimi sikuwa na bahati, transfoma yenyewe iliungua, na kuibadilisha kulikuwa kunakaribia bei ya ampu nyingine. Japani nako ni volti 100, kwa hivyo vitu vya mitumba kutoka Japani viangalie kwa jicho lile lile. Gari la Japani linakubali petroli yetu. Ampu yao haikubali stima yetu.

Habari njema kwa watu wa Mji wa Kale ni kwamba jamaa zetu wengi hawako Marekani, wako Ghuba. Dubai, Abu Dhabi, Muscat, stima yao iko kwenye 230 hadi 240, hezi 50, na plagi ni ile ile yetu ya pini tatu za mraba. Uingereza vile vile. Ukiwa na ami huko anakuja Idd, mwambie anunue huko. Hata hivyo mwambie akutumie picha ya mgongo wa ampu kabla hajalipa. Pale penye soketi ya waya pameandikwa volti. Ikiandikwa 120V pekee, ni hapana. Ikiandikwa 100-240V, inakubali popote. Zingine zina swichi ndogo nyekundu ya kuchagua volti, na hiyo swichi uithibitishe kwa macho yako mwenyewe kila inapotoka mkononi mwa mtu mwingine.

Kama tayari unayo ya 120 na unaipenda, kuna transfoma za kushusha volti. Nunua yenye uwezo angalau mara mbili ya kile ampu inachokula, kipimo kimeandikwa nyuma, na ujue umeongeza kilo kadhaa kwenye mzigo wako.

Sasa pini ya tatu. Hii nataka uisome mara mbili. Kuna wasee, wakisikia ampu inanguruma mmmm, wanakata au wanaikwepa ile pini ya ethi, na ngurumo inaisha kweli. Usifanye hivyo. Ethi ndiyo inayokulinda wewe. Nyuzi za gitaa lako zimeunganishwa na bodi ya ampu. Hitilafu ikitokea na ethi haipo, stima inakaa kwenye nyuzi ikingoja mdomo wako uguse maiki ambayo imeunganishwa na soketi nyingine. Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa hivyo jukwaani Swansea, Wales, Mei 1972, kwa kushika maiki isiyokuwa na ethi ya sawasawa. Ilikuwa mbele ya watu.

Hapa kwetu hatari ni ileile au zaidi, ju shoo za hema zinatumia ekstensheni iliyotoka dirishani kwa jirani, na shoo za ufukweni zinatumia jenereta na mchanga una maji. Ninachofanya: ampu yangu na mikseri vyote navichomeka kwenye chanzo kimoja, si soketi mbili za nyumba mbili. Nina kile kitesta kidogo cha soketi chenye taa tatu, ni cha bei ya chini, kinaniambia kama ethi ipo kabla sijachomeka. Ngurumo ikibaki, natumia kisanduku cha DI chenye swichi ya kukata ethi ya waya wa sauti peke yake, ambayo ni salama, kwa kuwa ampu bado ina ethi yake ya stima. Na TV guard, ile ile ya sebuleni, nabeba kwenye begi. Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, inakula yenyewe badala ya ampu.

Kwa wasee wa kupiga mtaani, pale mbele ya ngome au kwenye shoo ambazo stima hata haijulikani itatoka wapi, Roland Cube Street EX inatumia betri 8 za AA na ina wati 50, kilo kama 7 na nusu. Kwa bendi yenye dramu kamili itajitahidi tu. Kwa gitaa, kahoni na sauti, ni safi sana.

CHUMVI

Hili ni fupi. Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Jeki zinashika kutu, vifundo vinaanza kukwaruza ukivizungusha, kona za chuma zinapauka. Usiifunge ampu kwenye nailoni, unyevu unabaki ndani. Ifunike kitambaa. Iweke juu ya kitu, si sakafuni. Dawa ya kupulizia jeki na vifundo ipo kwa wauza vipuri vya elektroniki, mara moja kila miezi michache inatosha.

Valvu na chumvi si maadui wakubwa, lakini valvu na tuktuk ni. Zile chupa hazipendi mashimo ya barabarani. Na kabla hujapenda ampu ya valvu, muulize fundi wako swali moja: zikifa, utanipatia wapi? Kama jibu lake linaanza na "itabidi tuagize", ongeza hiyo kwenye bei.

SASA UNANUNUA NINI?

Kama ungekuwa binamu yangu na una pesa ya kununua mara moja tu, ningekwambia hivi: transista, wati 50 hadi 100, spika moja ya inchi 12, chini ya kilo 15, tundu la laini lisilonyamazisha spika, volti 240. Katana ya 50 ina kilo kama 12 na inaingia kwenye tuktuk pamoja na wewe na gitaa. Ile ya 100 inasogea hadi karibu 15. Ukipata Peavey Bandit ya mitumba yenye afya, ni ngumu kama punda wa Lamu, ichukue. Ukiwa unataka ule usafi wa JC bila kuvunja mgongo, kuna mdogo wake, JC-40, spika mbili za inchi 10, kilo karibu 16. Ni wati 40 na inchi 10, chini kidogo ya pale nilipokwambia uanzie, kwa hivyo kwa dramu nzito utahitaji mitambo. Kwa harusi, hoteli na bango, mimi ningeichagua hata leo.

Valvu? Fender Deluxe Reverb, wati 22, inchi 12. Tamu mno. Lakini hiyo ni ampu ya pili, baada ya shoo kukulipa.

Wapiga udi wananiuliza pia, ju taarab nayo siku hizi iko kwenye waya. Ampu ya gitaa la umeme haiwafai sana. Inakata sauti za juu kabisa, na ule mwili wa udi ulio wazi ndani unapiga mbinja ukikaribia spika. Tafuteni ampu ya akustika, au pitieni DI moja kwa moja hadi mikseri.

Mitumba utaipata mtandaoni, kwa bendi za hoteli zinazobadilisha vyombo, na Nairobi pale Luthuli Avenue ikija kwa basi. Popote ilipo, usilipe kabla hujaipiga. Nenda na gitaa lako na waya wako, usitumie wa muuzaji. Iwashe bila gitaa kwanza, panda sauti hadi nusu, sikiliza. Mvumo mdogo ni kawaida, mngurumo mzito si kawaida. Zungusha kila kifundo taratibu. Piga noti ya chini kabisa kwa nguvu na usikilize kama kuna kitu kinatikisika au koni inapapatika, hiyo ni spika iliyochanika na muuzaji atakwambia "ni setingi tu". Iache ikiwaka dakika 20 huku mnapiga stori. Ampu nyingi zenye ugonjwa hujificha zikiwa baridi. Mwishoni ipige ngumi ya kirafiki juu ya paji: ikikohoa, kuna solda imelegea, na hapo una sababu ya kushusha bei thao kadhaa.

Kosa moja la haraka na valvu: usiwashe kamwe bila spika kuunganishwa. Transfoma ya kutoa sauti inaweza kuungua.

UKIFIKA JUKWAANI

Watu wengi huweka ampu chini, nyuma ya magoti, halafu wanalalamika hawajisikii. Magoti hayana masikio, mzito. Sauti za juu za gitaa hutoka katikati ya koni kama tochi, zinakupita miguuni zinaenda kumchoma mzee aliyekaa mstari wa mbele. Wewe unaongeza sauti, yeye anaziba masikio. Inua ampu juu ya kreti ya soda, au iinamishe nyuma iangalie uso wako. Utashangaa utashusha kifundo mwenyewe bila kuambiwa.

Punguza besi kuliko unavyopenda chumbani, mpiga besi ameshalipwa kwa kazi hiyo. Ongeza za katikati kidogo. Rivabu, weka nusu ya ile ya nyumbani, ju ukumbi na vile vichochoro vitakuongezea vyenyewe bure.

Yangu ya sasa ni ya wati 50. Iko chini ya ngazi, juu ya kreti, imefunikwa leso kuukuu ya nyanyangu. Ndani ya mfuko wa nyuma kuna fyuzi mbili za ziada, kitesta cha soketi na waya mmoja wa akiba. Jumamosi tunavuka Likoni, na safari hii naibeba kwa mkono mmoja.